Walinzi Wasiogharimu Kitu

Ait Wamlil, 18 Mei 2004

Tuda mwanangu,

U mzima? Kifua kimepoa? Usinywe maji ya barafu huko Meknes, yalimmaliza shangazi yako. Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, ila goti langu la kushoto hilo usiliulize. Anayeandika ni Rabha, mke wa kaka yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na tayari amenikunjia uso eti nasema mbio kama nimeitwa.

Wanaume wamechagua mkuu wa majani. Mwaka huu ni Hammu, yule ambaye marehemu baba yako alikuwa akisema ukimwazima punda anakurudishia kamba. Haya, ndiye. Wamekula kiapo, agdal, yale malisho yetu ya juu, imefungwa, hakuna mnyama kuyakanyaga mpaka majani yamwage mbegu na Hammu atangaze. Walinzi ni watatu, na kaka yako Bassu ni mmoja wao. Watatu si wengi, unajua mwenyewe: mmoja anatazama, mmoja analala, mmoja ndiye miguu ya kuleta habari. Na kila nyumba inawapikia kwa zamu, kama walivyofanya bibi zetu.

Leo ilikuwa zamu yetu. Nikapanda na mkate na mtindi, nikipumzika kila jiwe. Tuda, sikupenda nilichokiona. Theluji mwaka huu haikuanguka, ile mvua moja ya Machi ikayavuta majani mpaka kiunoni, kisha yakakaukia pale pale yamesimama. Juu yake mierezi. Nilisikia utomvu unanuka, na huu ni Mei! Hiyo ni harufu ya Agosti.

Nilipokuwa mwali, mlima wa jirani zetu uliungua. Mbuzi walikuja wanakimbia migongo inawaka, maskini, wanakimbilia majumbani kwao kama walivyozoea, na kila nyumba waliyoingia ikashika. Hilo sijalisahau. Nikifumba macho nawaona.

Rabha anasema nifupishe. Watu wanasema wewe ndiye unayeandika mpango wa hifadhi, kila mlima utagharimu nini kwa mwaka. Basi tuandikie mtu wa mnara. Ule mnara wa kutazamia moto uko tupu, kunguru wametaga humo. Mtu mmoja tu mwenye macho na redio. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

*

Meknes, 9 Juni 2004

Mama,

Nabusu kichwa chako na hilo goti pia. Kifua kimepona, na maji nakunywa ya mtungi, nakuapia. Msalimie Rabha, mwandiko wake umenyooka kuliko wangu.

Mama, usiogope. Nikueleze kazi yangu ilivyo. Milima ya hifadhi ni mingi na fungu ni dogo. Kila kitu kinataka chake: uzio, njia za magari, miche, mishahara, minara. Mkuu wetu, Bwana Lahrishi, alinikalisha akaniuliza, "Binti Umlil, wapi tunaweza kukata bila kutokwa damu?"

Nikamwambia, kwetu.

"Kwenu kunalindwa na nani?"

"Na wenyewe, kwa kiapo. Tangu zamani."

"Na wanagharimu kiasi gani?"

"Hawagharimu kitu."

Mama, aliinuka kitini akanipa mkono! Ofisi nzima inaizungumzia agdal yetu. Kwa hiyo mnara wa kwetu haukupata mtu, mtu amepelekwa mlima mwingine ambao hauna hata mbwa wa kubweka. Lakini nimewatafutia jambo: Julai chama cha wafugaji kitapata fidia ya serikali kwa kufunga malisho. Mara ya kwanza! Waambie watu ni mtoto wa Izza aliyeiandika.

Mlima wetu una macho kuliko yote. Lala, mama.

Binti yako Tuda

*

Ait Wamlil, 13 Julai 2004

Tuda,

Uzima upo, usingizi haupo. Lori la soko linaondoka kesho, nataka barua hii iwe ndani hata kama dereva ataikalia.

Hiyo fidia yako imefika. Haijafika mikononi, imefika masikioni, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Hammu alisimama mbele ya msikiti akatangaza kwamba serikali sasa inalipia kufungwa kwa malisho. Siku ya pili ilikuwa zamu ya nyumba ya Fadma kuwapikia walinzi. Hakupika. Nikamkuta chemchemini anasugua mkeka, mkono umejaa povu.

"Fadma, walinzi wamekula nini leo?"

"Wale walicholipwa."

"Wamelipwa na nani?"

"Na binti yako, dada. Si ndiye aliyeandika? Bassu atafune noti zake na chumvi kidogo."

"Noti zipi? Wewe umeziona?"

"Sijaziona, ndiyo maana najua amezificha."

Wakacheka wote, hata Yamna ambaye meno hana. Nikawaambia fidia ni ya chama, siyo ya walinzi. Wakaniambia, chama ndiyo nani? Tangu siku hiyo hakuna mlango uliofuka moshi kwa ajili ya mlima. Walinzi wawili wameshuka, na siwalaumu, mtu na njaa hawaelewani. Bassu amebaki. Anasema kiapo hakikutaja chakula. Kaka yako huyo, kichwa chake kama nyundo.

Nampelekea mimi, siku nikiweza. Lakini yuko peke yake, Tuda. Akilala, mlima umelala. Akiona moshi, aende kuuzima au aje kutuita? Upepo wa shargi umeanza, ule wa jangwani, unapasua midomo. Jana nilisikia mwerezi unalia kwa kukauka, kaa, kaa, kama mtu anayevunja vidole. Na Rabha anayeandika haya, aliye kule ni mumewe.

Umewaambia nini watu wa ofisi? Umesema hatugharimu kitu? Mwanangu, unga ule unadhani ulikuwa unaanguka kutoka mbinguni?

Jibu upesi.

Mama yako

*

Meknes, 22 Julai 2004

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nisamehe, hata salamu sijui niziweke wapi.

Nimekwenda kwa Bwana Lahrishi. Nimemwambia mlima wetu hauna mtu. Akafungua mpango akaniwekea kidole kwenye maneno yangu mwenyewe. "Umesema kuna walinzi." Nikamwambia wamekosa chakula. Akasema, "Chakula hakimo." Mpango umetiwa saini, fungu limegawanywa, hakuna anayeweza kulifungua kabla ya Januari. Ameniambia niandike ombi. Nimeandika. Liko mezani kwa mtu ambaye yuko likizo.

Utoto wangu wote nilikuona ukifunga mikate kwenye kitambaa, na sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni gharama ya mlima. Nilidhani ni mama anapika.

Mteremshe Bassu. Kwa kiapo hicho anilaumu mimi. Na wewe usipande tena, nakuomba kwa haki ya maziwa yako. Redio inasema shargi itakaza mpaka katikati ya Agosti.

Tuda

*

Meknes, 10 Agosti 2004

Mama, lori la soko limekuja mara mbili bila barua. Dereva anasema aliona moshi upande wetu, hajui ni wapi. Hata maneno mawili. Mwambie Rabha aandike mawili tu.

Tuda

*

Ait Wamlil, 24 Agosti 2004

Tuda mwanangu,

Tu hai. Nimemwambia Rabha aanze na hilo, mengine yafuate. Bassu yu hai, nyusi hana. Mimi ni mzima, ila mtaani hawanisalimu, na utajua kwa nini. Tulia nikueleze, usikimbilie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na hadithi.

Barua yako ya kusema nimteremshe ilikuja. Nikapanda kumwambia. Akakataa. Nikashuka nikipiga hesabu ya kichwa changu, maana ya karatasi siijui: watu hawa hawatapanda kwa ajili ya mti. Hawatapanda kwa ajili ya mwanangu. Watapanda kwa ajili ya nini? Nikajibu mwenyewe: kwa ajili ya majani, wakidhani mwenzao anayala.

Alfajiri nikafungua zizi. Kondoo wangu wote, na yule dume niliyekuwa nikimnonesha kwa sikukuu ya Idi. Nikawapandisha mpaka agdal, nikawaingiza katikati ya yale majani yaliyofungwa. Mama yangu, mwanangu, hakuwahi kufanya hivyo, wala mama yake.

Bassu akaja mbio. "Mama! Unafanya nini?"

"Nachunga."

"Agdal imefungwa!"

"Basi nikamate. Piga ukelele, ndiyo kazi yako."

"Nikupigie ukelele wewe?"

Akageuka kuwaswaga kondoo watoke. Basi nikapiga mwenyewe. Nikasimama juu ya jiwe, nikaita bondeni kwa sauti ile ya harusi: "Jamani! Izza kaingiza kondoo! Izza anakula majani yenu!"

Tuda, walipanda! Wenye magoti na wasio na magoti. Hammu alipanda na kiatu kimoja. Fadma alinitukana mpaka akakaukiwa, nikampa maji akanywa akaendelea. Wakamchinja dume wangu, ndiyo sheria, wakamla pale pale. Na kama nilivyojua, hakuna aliyemwamini mwenzake tena. Izza mjane mcha Mungu akithubutu, nani hatathubutu? Kila nyumba ikaweka mtu wake juu. Kutwa kucha wanakodoleana macho. Chakula? Sasa kila nyumba inapika, maana anayekaa kule ni mtoto wao.

Siku ya tano mrina asali mmoja, mgeni, si wa kwetu, alifukiza nyuki kwenye mwerezi wenye tundu kule korongoni, akaacha kijinga cha moto. Aliyeona ni Aqqa, mume wa Fadma. Hakuwa anatazama moto, alikuwa anatazama kondoo wa Hammu wasije wakapanda. Akaona majani yanakimbia. Hivyo ndivyo alivyosema, "Nimeona majani yanakimbia."

Nilikuwa huku chini, ninafua. Nikasikia mlio. Moto unatoa sauti kama gunia la ngano linalomwagwa, halafu gunia haliishi. Anga likawa rangi ya chai. Nikawaona mbuzi wa zamani, wale wenye migongo inayowaka, nikaingia ndani nikafunga mlango, nikakaa nyuma yake na Rabha, tumeshikana. Tulikaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani.

Wakauzima. Kwa matawi ya mreteni, kwa jembe, kwa majoho yao ya jalaba. Walikuwa wengi na walikuwa karibu, ndiyo siri yote. Mierezi ya korongoni imekwenda, hata mmoja haukubaki. Ukingo mwingine umesimama, na nyumba zimesimama. Bassu alitoka mweusi anacheka kama kichaa, kisha akaketi akalia.

Siku kumi na tano nzima sikuweza kukaa kusema haya, ndiyo maana sikuandika.

Shargi bado inavuma. Bado naogopa, lakini sasa tunaogopa wengi.

Mama yako

*

Meknes, 2 Septemba 2004

Mama yangu,

Nimelia, nimecheka, jirani amegonga ukuta. Mungu akuweke.

Sasa sikiliza, maana nina hofu nyingine. Mkaguzi wetu alifika kuangalia korongo akakuta mavi ya kondoo kwenye malisho yaliyofungwa. Bwana Lahrishi amefurahi, namjua. Mkataba wa fidia unasema malisho yakiingiliwa, fidia ya mwaka mzima inarudi ofisini, isipokuwa kama mkosaji atajulikana. Hapo atatozwa yeye peke yake na kijiji kitapata chake. Ananitaka mimi niandike jina kabla ya Ijumaa ya juma lijalo. Hajui kwamba ni wewe. Lakini jina lako la ukoo ndilo lililo mlangoni kwangu, na ataona kwamba aliyemwambia mlima haugharimu kitu ni binti wa mkosaji. Nimeshaweka chakula cha walinzi kwenye mpango wa mwaka ujao, fungu zima, akaniuliza, "Hiki nacho kimezaliwa lini?" Nikikosa kazi, nani atalitetea?

Nikinyamaza, kijiji kinapoteza. Nikiandika, napoteza mimi, na wewe utalipa faini. Karatasi iko mbele yangu, jina sijaliandika. Niambie.

Tuda

*

Ait Wamlil, 7 Septemba 2004

Tuda,

Salamu kidogo, lori linanguruma na Rabha anaandikia gotini.

Andika Izza. Andika na jina la baba yako na la babu yako, wasije wakamshika Izza mwingine, yule wa bondeni ni mgonjwa. Faini nitalipa kwa kondoo, wamebaki wanaotosha. Usiandike "mtu asiyejulikana." Hapa hata punda wananijua.

Akikuuliza, "Huyu ni nani wako?" mwambie, mama. Akikuuliza kwa nini aliingiza kondoo, mwambie kwa sababu ofisi haikuweka mtu. Mwambie taratibu, huku umekaa, usisimame.

Najua unaogopa. Kwani mimi asubuhi ile nilikuwa siogopi? Komeo la zizi lilinishinda mara mbili. Nikafungua hivyo hivyo. Nawe mwanangu ogopa, tena ogopa sana, huku unaandika.

Mama yako