Siku Balozi Alipokalia Turubai

Jumapili. Asubuhi ukungu, mchana jua la kudanganya, na sasa manyunyu. Naandika mlangoni pa karakana yangu kabla giza halijaingia.

Nina hofu. Naanza na hilo kabisa, nisije nikalizunguka hadi mwisho wa ukurasa kama ninavyoizunguka baiskeli ya mteja nikijua fremu yake imekatika.

Hofu yenyewe ina siku yake: Jumanne. Siku hiyo maofisa wanakuja ofisi ya kata kuhakiki wakazi wenye asili ya ng'ambo ya mto. Mama Dafroza ni mmoja wao. Ameambiwa aje na watu wawili wa kusimama na kusema wanamfahamu, na kwamba miaka yote amekaa hapa kwa amani. Akikosa hao watu, anapanda lori na kurudishwa kwenye nchi ambayo hata njia zake hazikumbuki tena. Shahidi wa kwanza anaye, ni balozi wetu wa zamani wa nyumba kumi. Wa pili ameniomba mimi.

Nimemjibu kwamba nitaangalia ratiba yangu.

Mimi ni fundi baiskeli. Sina ratiba.

Sababu ya woga wangu si ngumu. Baba yangu mwenyewe alivuka mto huo, Ruvubu, kabla sijazaliwa, akiwa na ng'ombe mmoja na maneno machache. Mimi nimezaliwa hapa Nemba, nimesoma hapa mpaka ada ilipokataa, kadi ya kupigia kura ninayo. Lakini ofisa ni mtu mwenye kalamu na muda. Nikishasema namfahamu Mama Dafroza, atainua macho na kuniuliza: na wewe je, baba yako alizaliwa wapi? Swali hilo nimelikwepa maisha yangu yote kwa kuinama chini ya baiskeli za watu.

Basi leo, nikiwa na hofu hiyo, nimekwenda kucheka na watu uwanjani.

Wiki ijayo greda linakuja kusawazisha uwanja wa zamani. Watajenga jukwaa la zege lenye paa la bati, na hakuna anayelalamika, mvua za huku tunazijua. Ila kabla ya kubomoa, wametuletea kijana kutoka wilayani, mwenye viatu vilivyochongoka mbele na simu ya kurekodi, akusanye kumbukumbu za washabiki. Tukaitwa tuliobaki. Parokia ikatuazima viti vya plastiki. Tukavipanga kwenye ngazi zetu zile zile, kila mtu akakaa pale alipozoea, hata kama jirani yake wa kushoto amekwisha kuzikwa.

Nieleze ngazi zenyewe, maana wiki ijayo hazitakuwepo. Zilichongwa kwa jembe kwenye ubavu wa kilima. Udongo mtupu, mwekundu. Ukizikalia na suruali ya kaki, unarudi nyumbani umevaa suruali ya rangi nyingine. Kwa hiyo kila mshabiki alikuja na jani lake la mgomba kwapani, akalitandika, akakaa. Mpira ukiisha unaliacha, mbuzi wanalimaliza.

Usidhani lilikuwa jani tu. Ngazini pale jani lilisema wewe ni nani. Mwenye shamba zuri alikuja na jani pana, zima, la asubuhi ile ile. Mvivu alikuja na jani lililochanika. Miaka ile ya wakimbizi walipoanza kuja watu wa kambini, wao hawakuwa na migomba, walikuwa na mahema. Walikalia vipande vya turubai. Ukweli ni kwamba na sisi maturubai tulikuwa nayo, tuliyanunua kwao tukaezeka mabanda ya kuku. Ila mwenyeji kukalia turubai mbele za watu ilikuwa aibu, kama kutangaza kwamba migomba imekushinda.

Kingine cha kuchekesha, kama una moyo wa kucheka: timu ya kambini ilipokuja kucheza na timu yetu, wachezaji walipewa kibali cha kutoka. Washabiki wao hawakupewa. Wakawa wanapita porini, wanatokea nyuma ya kilima wakiwa na majani ya mnyonyo kwenye nywele, wanakaa ngazi za chini ambako maji hutuama.

Mama Dafroza hakuwa anatoka kambini. Aliondoka huko wakati wengine wanarudishwa kwao, akabaki na binti yake, akawa analima kibarua kwa mama yangu na kulala kwenye jiko letu. Mwanamke mpole siku sita za wiki. Ya saba, kukiwa na mpira, ungemtambua kwa sauti tu. Moyo wake ulikuwa kwa timu ya kambini, na kwa kuwa hakutakiwa kuonekana ana uhusiano na kambi, alishangilia timu yetu kwa bidii ya kutia huruma.

Mama yangu alimwambia mara nyingi, kata jani hapo shambani ukakalie. Hakukubali. Alisema hawezi kukata jani kwenye shamba analolima kwa kibarua, watu wataona anajifanya mwenye nyumba. Akaendelea na kipande chake cha turubai. Kwa heshima yake hiyo nusura apotee.

Siku ile kulikuwa na manyunyu kama haya ya leo. Kipindi cha pili, lori likasimama nyuma ya goli la upande wa barabara. Wakashuka mgambo, si wa kwetu, wageni, hawamjui mtu. Walikuja kukamata waliotoka kambini bila kibali. Mpira haukusimamishwa. Walitembea pembeni ya uwanja taratibu, migongo yao ikiuelekea mpira, wanatutazama sisi.

Nilikuwa kijana mwenye miguu mizuri na hata hivyo nilishindwa kuinuka. Mama Dafroza alikuwa ngazi moja chini yangu, binti yake yumo ndani ya kitenge.

Ndipo timu ya kambini ikafunga.

Nimesikiliza mpira mwingi, uwanjani na redioni. Sijawahi kusikia goli kama lile. Hakuna aliyepumua. Wenyeji tulinyamaza kwa sababu tumefungwa, na wageni wakanyamaza kwa sababu mgambo walikuwa wanangoja kuona nani atanyanyua mikono. Mfungaji mwenyewe alikimbia hadi kwenye kona, akasimama, akatutazama, akarudi anatembea kichwa chini kama aliyejifunga. Mama Dafroza alikuwa ameuma pindo la kitenge. Niliiona mishipa ya shingo yake.

Mgambo walipoona kimya kimewanyima kazi, mkubwa wao akanong'ona kitu na wakaanza kutazama chini. Si nyuso tena. Makalio. Aliye kwenye turubai, simama. Aliye kwenye jani, kaa. Sijui nani aliwafundisha, ila alikuwa mwenzetu, mgeni asingejua.

Wakaanza ngazi za chini, wanapanda.

Balozi alikuwa ameketi ngazi ya juu yangu, kwenye jani pana kuliko yote, kama kawaida yake. Mtu wa majivuno, sauti kubwa, asiyependwa sana. Alishuka akinguruma, akanipita, akasimama mbele ya Mama Dafroza na kumwambia kwa ukali, kila mtu akasikia:

"Wee mama, kichwa chako kinanizibia goli. Panda juu kule."

Akapanda. Ungepanda na wewe, kwa sauti ile. Balozi akajishusha mahali pake, juu ya turubai, akakunja mikono.

Mama Dafroza akakaa juu ya jani la balozi. Mgambo alipofika alilitazama lile jani, akamtazama yeye, akasema, "Samahani mama," akampita.

Balozi wakamsimamisha. Akawaambia yeye ni balozi wa nyumba kumi. Wakamwambia siku ile tayari walishakamata mabalozi wengine wawili na mwalimu mkuu mmoja. Wakampakia. Alisimama kwenye lori na kipande cha turubai mkononi, amekishika kama mtu aliyeshika joho la harusi, na watu wengi ngazini walicheka. Na mimi nilicheka. Kucheka kulikuwa njia salama ya kutoa pumzi.

Alirudi baada ya mkewe na mwenyekiti wa kijiji kwenda kumtoa. Alirudi kwa miguu, kiatu kimoja hakipo, sikio moja likisikia vibaya, na hadi leo ukitaka akusikie inabidi uzunguke upande wa pili. Tangu hapo jina lake likawa Mzee Turubai. Watoto wanamwamkia hivyo barabarani, shikamoo Mzee Turubai, naye anajibu marahaba. Watu wazima tulimuuliza kibali chake kiko wapi kila alipoingia kilabuni. Uchaguzi uliofuata akakosa ubalozi. Balozi gani anakamatwa kama mkimbizi?

Hajawahi kueleza. Nami sikuwahi kusema nilichokiona. Mwanzoni kusema kungempeleka Mama Dafroza kwenye lori, na baadaye kunyamaza kukawa mazoea.

Sasa leo. Kijana wa wilayani akawasha simu yake, na unajua watu wetu, hadithi ya kwanza ikawa hiyo. Ikasimuliwa na watu watatu kwa pamoja. Goli la kimya, lori, balozi na joho lake. Watu walifuta machozi. Mzee mwenyewe alikuwa pale juu, mdogo siku hizi, kama amepigwa pasi, anatikisa kichwa na kutabasamu na upande mmoja wa mdomo.

Kijana naye akacheka. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kwa sababu ana akili:

"Lakini mzee wangu, balozi mzima ulifikaje kwenye turubai?"

Miaka yote tumeicheka hadithi hii na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Kicheko kikakatika. Nikatambua kwamba sikuwa peke yangu niliyeona siku ile. Nilitazama nyuso, na nyuso zote zilikuwa zinatazama kiwanja, kwenye nyasi, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Simu inarekodi. Mama Dafroza ameketi ngazi moja chini yangu. Jumanne ni keshokutwa. Neno moja la kweli, na kijana atakwenda nalo wilayani: yule mama mliyemficha ni nani, na yuko wapi sasa?

Kilikuwa kimya kile kile. Nilikitambua kama unavyotambua harufu.

Mzee akageuza sikio lake zima, akaomba arudiwe swali. Akarudiwa. Akajibu polepole:

"Nilikuwa nimelinunua siku ile ile, mwanangu. Turubai jipya. Nilitaka watu walione."

Ngazi zote zikalipuka. Kijana akacheka mpaka simu ikacheza mkononi. Na Mama Dafroza, ambaye nilidhani atazimia, akageuka nyuma na kumwambia kijana kwamba huyu mzee majivuno yake hayakuanza jana, mkewe alipata tabu. Mzee akamwambia akae atazame mpira. Hakuna mpira pale. Watu wakacheka tena.

Ni wakati huo nilipoona kitu ambacho nimekitazama miaka yote bila kukiona.

Sisi wengine sote tulikuwa kwenye viti vya plastiki. Wawili tu walikuwa kwenye majani: mzee juu, Mama Dafroza chini. Mzee hutumia mkono wa kushoto, na kikonyo cha jani lake huwa kimekatwa mshazari wa upande usio wa kawaida, kila mtu wa ngazini analijua jani lake. Jani alilokalia Mama Dafroza lilikuwa na mshazari ule ule.

Nimejaribu kukumbuka mechi zilizopita. Mzee akishuka njiani na majani kwapani. Majani, si jani. Tulimcheka kwa hilo pia, tukasema ameogopa, sasa anabeba na la akiba.

Kijana hakuona. Alishukuru, akapiga picha za ngazi tupu, akapanda pikipiki yake.

Wakati tunatawanyika, Mama Dafroza alipita karibu nami. Hakuniuliza tena kuhusu Jumanne. Alisema tu mvua inakuja, nianue nguo. Heri angeniuliza.

Majina yote humu nimeyageuza, na ukurasa huu utakaa kwenye simu yangu mpaka Jumanne ipite. Nasema hivyo ili ujue hofu haijanitoka. Tangu nimeanza kuandika, gari likipita barabarani nazima mwanga wa simu. Nimejiuliza ofisa ataniuliza nini, na nimejaribu majibu, na yote yanasikika kama ya mtu mwenye hatia. Nimejiuliza pia kama wamefundishwa siku hizi kutazama wapi.

Pale ofisi ya kata hakuna mabenchi. Watu husubiri kwenye nyasi, kutwa nzima, na Jumanne nyasi zitakuwa zimelowa.

Nyuma ya karakana hii kuna migomba. Baba aliipanda mwaka aliovuka.

Jumanne asubuhi nitakata jani moja, pana, la kukalia mimi kwenye nyasi zile. Natetemeka hata kuliandika. Lakini kukata jani si kazi ya kutaka mkono uliotulia.