Kwa Baba Niliyesema Simjui

Baba yangu mpendwa,

Najua siku hizi watu hawaandikiani barua, lakini huko uliko, ng'ambo ya Lodwar, simu haishiki mpaka mtu apande kilimani, na haya ninayotaka kukuambia hayasemeki huku mmoja akiuliza, "Haloo, unanisikia?" Tena naiandika wazi, aisome atakayeisoma, kwa sababu kosa langu pia nililifanya mbele ya watu.

Unakumbuka mwaka tulioingia chuo pamoja. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari juzi tu. Wewe ulikuwa umestaafu jeshini, miaka yote hiyo ukipikia wanajeshi, na siku moja ukaiweka barua yako ya chuo mezani kando ya yangu. Mama alizitazama zote mbili akauliza, "Sasa nani atabaki kunisaidia na ng'ombe?" Ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilichowaza ni marafiki wapya watakavyomwona baba yangu darasani na kalamu tatu mfukoni mwa shati.

Jioni hiyo nilikuomba jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilisema, "Baba, tukiwa ndani ya geti la chuo, tujifanye hatujuani." Uliweka kikombe chini. Ukasema, "Sawa. Amri imepokelewa." Hukuuliza sababu. Mpaka leo sijui ilikuuma kiasi gani.

Masomo yetu yalikuwa tofauti, wewe elimu ya watu wazima, mimi biashara. Lakini somo la kompyuta lilikuwa la lazima kwa kila mtu wa mwaka wa kwanza, kwa hivyo Jumanne na Alhamisi tulikutana katika chumba kile kirefu nyuma ya maktaba. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko mashine. Tulikaa wawili kwa skrini moja, na wengine wakasimama nyuma wakingoja zamu. Chebet, fundi wa chumba, alikaa mlangoni na daftari la kujiandikisha, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafukuza waliokuja kutazama mpira kwenye intaneti ya chuo.

Wewe ulifika kabla mlango haujafunguliwa. Suruali imenyooshwa pasi, viatu vinang'aa. Ulifuta kibodi kwa leso kabla ya kuigusa, na ukimaliza ulifuta ya jirani pia. Siku ya kwanza ulikiinua kipanya hewani ukakielekeza kwenye skrini kama rimoti ya televisheni, na darasa zima likacheka. Rafiki yangu Wambui akaninong'oneza, "Huyu mzee ametokea wapi? Na ni Wafula kama wewe. Unamjua?"

"Wafula ni wengi," nikamwambia. "Simjui."

Ulikuwa umekaa mbele yetu, viti viwili tu. Nadhani ulisikia, maana mkono wako ulisimama kidogo juu ya kibodi. Kisha ukaendelea kutafuta herufi.

Nyumbani Lanet ulikata boksi la mafuta ya kupikia, ukachora juu yake kibodi nzima kwa kalamu, herufi zote mahali pake, na kila jioni ukawa unaifanyia mazoezi mezani. Mama alisema, "Hiyo hata stima haina na bado inakuchosha." Baada ya miezi miwili ulikuwa unachapa kwa vidole vyote kumi, macho kwenye skrini. Stima ikipotea chuoni sisi tulikimbilia kantini. Wewe ulibaki kwenye kiti, na ikirudi ulikuwa tayari. Msichana mmoja aliyepoteza kazi ya asubuhi nzima alikaa hapo akilia, nawe ukamwambia, "Mama, seivu kila aya. Mimi jikoni sikuacha sufuria motoni nikaenda zangu." Kutoka siku hiyo watu wakawa wanakuita wewe kabla ya kumwita Chebet. "Mzee, njoo uone hii imekwama." Nawe ulienda, ukainama, ukaeleza polepole bila kumfanya mtu ajione mjinga. Mimi nilitazama skrini yangu.

Kisha ikaja ile kazi ya mwisho wa muhula. Tulitakiwa kuandika ripoti kuhusu maji katika mtaa tunaoishi, yenye jedwali, namba za kurasa na kila kitu. Ulitoka Jumapili mbili baada ya kanisa, na daftari mkononi, ukipita nyumba kwa nyumba. Uliuliza kila mama maji yake huja siku gani, anayaweka kwenye tangi au mitungi, na yakikosa anaenda wapi. Nilikuwa nakuona dirishani. Mimi nilijiambia kazi kama hiyo nitaimaliza kwa saa moja.

Asubuhi ya kukabidhi sikuwa na chochote. Nilijaribu kuandika, nikaona sijui hata jirani zetu wa ukuta mmoja wanapata maji siku gani. Folda zetu zote zilikaa kwenye mashine kuu ya chumba, kila moja na jina la mwenyewe, wala hazikufungwa. Nikafungua yako. Nikajiambia mtaa ni wetu sote, hata mimi ningeweza kuuliza maswali hayo. Nikalichukua jedwali lako na kurasa mbili za maelezo, nikabadilisha maneno hapa na pale, nikachapisha.

Alhamisi iliyofuata mhadhiri aliwasha projekta, ukutani zikaonekana kazi mbili kando kwa kando.

"Jedwali ni moja," alisema. "Nyumba zile zile, siku zile zile. Moja ni ya Nekesa. Nyingine ni ya mzee wetu hapa." Akakugeukia. "Mzee, nani alikuandikia hii?"

Watu wakacheka. Hakuna aliyegeuka kunitazama mimi, kwa sababu mimi nilikuwa kijana na nilichapa haraka, na hiyo ilitosha kuwa ushahidi.

Ulisimama wima kama uko gwarideni. Uliangalia ukuta, ukasoma jina langu, na niliona mabega yako yakishuka. Kila swali kwenye jedwali lile ulikuwa umeliuliza kwa mdomo wako. Neno moja tu lingetosha.

"Mwalimu," ulisema, "naomba nijibu kesho."

"Kesho saa tatu, darasa zima mrudi hapa," akasema mhadhiri. "Usipokuwa na jibu, jina lako linaenda kwa mkuu wa idara."

Nilirudi nyumbani nikikuogopa. Nilikukuta jikoni ukikata sukuma wiki, nyembamba kama kawaida yako. Uliniuliza kama nimekula. Nikasema sina njaa.

"Baba, kwa nini hukusema?"

Hukuacha kukata. "Uliniambia ndani ya geti hatujuani. Sasa ningesemaje? Ningeanza na huyu msichana nisiyemjua?"

"Watakufukuza."

"Mimi kazi yangu nimeifanya. Mama Akinyi wa jirani anajua, mzee wa kanisa anajua, mtaa wote huu wanajua nilipita kwao. Sina hofu ya kesho." Hapo ndipo uliweka kisu chini. "Wewe ndiye sijui kesho utaamka na nini moyoni. Hilo ndilo linanisumbua."

Hukuniambia nifanye nini. Ungeniamrisha, ningetii, na leo ningekuwa na kisingizio kwamba nililazimishwa. Uliniachia mwenyewe.

Saa tatu nilisimama kabla mhadhiri hajakuita. Nilisema jedwali ni la huyu mzee, alipita nyumba kwa nyumba kulitafuta. Nilisema mimi nilifungua folda yake nikaiba. Kisha nikasema, "Na huyu ni baba yangu."

Wambui aligeuka kunitazama, mdomo wazi. Mhadhiri alivua miwani. Alikuuliza, "Mzee Wafula, ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Na ungenyamaza mpaka lini?"

"Mpaka yeye aseme. Yangu ni karatasi tu, ningeandika nyingine."

Mhadhiri alikuomba radhi mbele ya darasa lote, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Mimi nilipata sufuri na kuamriwa kurudia somo mwaka uliofuata. Mwaka huo nilikaa na wanafunzi wapya, peke yangu kwenye mashine ya nyuma, maana waliosikia habari zangu hawakutaka kushiriki skrini na mwizi wa kazi. Jumanne ya pili nilihisi kiti cha pembeni kikivutwa. Ulikuwa wewe. Ulikuwa umemwomba Chebet ruhusa, na saa yako ya mapumziko ukaja kuikalia hapo, siku zote za muhula ule, mabega yetu yakigusana. Mtu akipita akikusalimu, ulikuwa ukisema, "Huyu ni binti yangu, Nekesa." Ulisema hivyo kwa sauti, kama mtu aliyeningojea mahali kwa muda mrefu na hatimaye nimefika.

Sasa nafanya kazi Gilgil, kwenye chama cha wafugaji wa maziwa. Siku nzima niko kwenye kompyuta nikipanga majedwali, na kila jedwali nalitengeneza mwenyewe baada ya kwenda kuuliza wakulima ana kwa ana. Wenzangu wanashangaa kwa nini najichosha wakati naweza kupiga simu. Wewe nawe nasikia una darasa la akina mama na wachungaji wa mbuzi, mashine sita na umeme wa jua, na kwamba wanafunzi wako wanapanga foleni kabla hujafungua mlango. Mtu aliyetoka huko aliniambia hujawahi kumcheka yeyote. Nikamwambia najua.

Kuna jambo moja limebaki, Baba. Asubuhi ile nilikiri wizi, nikakiri kwamba u baba yangu, watu wakanisifu kwa ujasiri, na nikajificha ndani ya sifa hizo. Neno lenyewe sikuwahi kukuambia. Siku ile jikoni sikulisema, wala muhula wote tuliokaa bega kwa bega, wala siku ya kuhitimu kwako nilipokushikia joho. Nilikuwa nakuona umeshanisamehe, nikaona nisikusumbue. Lakini kusamehewa bila kuomba ni kama kula cha mtu bila kumshukuru, nami nimekula kwako hivyo miaka hii yote.

Nisamehe, Baba. Kwa lile jedwali, na zaidi kwa lile neno nililomwambia Wambui ukiwa viti viwili mbele yangu.

Mama anakusalimu, anasema usisahau dawa za presha. Mungu akutunze huko kwenye joto.

Ni mimi binti yako,
Nekesa