Ukurasa Ambao Haukuchukuliwa na Upepo

Kendi wangu,

Kitabu chako kilinifikia, na Kibirichia nzima imeshakiona, hata wale ambao hawakutaka. Jumapili nilikibeba kanisani nikakiweka juu ya Biblia. Jirani akaniuliza, "Hicho ni cha nyimbo?" Nikamwambia, "Ni cha binti yangu. Ameandika utoto wake wote kwa mashairi, na mimi nimo!" Mimi niliachia darasa la saba, unajua, lakini nimekimaliza mara mbili, kidole kwenye mstari.

Pale pa mandazi nilicheka peke yangu. Ulikuwa darasa la nne. Karatasi za kufungia ziliniishia sokoni, nikararua daftari lako nikidhani ni la mwaka uliopita. Yule mzee wa kuuza kamba akala akisoma, kisha akarudi. "Mama Kendi, mandazi yako leo yana hadithi! Niongeze moja nijue huyo kuku wa mchungaji aliishia wapi." Wewe ulikuwa umefika kutoka shule. Nikangoja ulie. Hukulia. Ulimtazama tu mdomo wake ukitembea na maneno yako. Kitabuni umesema hiyo ndiyo siku ulijua utaandika maisha yako yote. Basi watu wajue: mchapishaji wako wa kwanza ni mimi.

Lakini umeandika pia kwamba ulizunguka soko ukiokota karatasi zenye mafuta, ukakosa ukurasa mmoja, ule wa kaka yako Mwenda. Umesema labda ni upepo.

Si upepo, mwanangu. Ni mimi. Nilikuwa nararua bila kuangalia mpaka nikaona jina lake. Ulikuwa umeandika:

Mama alimwambia, rudi ulete karai.
Karai lilirudi.
Mwenda hakurudi.

Sikujua ulisikia. Tulikuwa tumetoka kuosha viazi mtoni, sisi watatu, na mvua ilikuwa inanyesha kule juu mlimani. Karibu na nyumbani nikaona tumesahau karai. Mwenda akaniambia, "Mama, maji yanakuja." Nikamjibu, "Kwani maji yana meno? Kimbia!"

Karai jirani alilipata jioni hiyo kwenye mawe. Yeye tulimpata siku ya pili. Kwenye mazishi nilisema alienda kucheza, na wote wakanipa pole, hata baba yenu, ambaye amekufa akiamini hivyo.

Ukurasa wako umekaa miaka hii yote kwenye sanduku la bati, pamoja na kadi ya kliniki ya Mwenda. Karai sikuliuza wala sikuoshea viazi humo tena. Limetundikwa nje, kwenye ukuta wa jikoni. Mvua ikilipiga, huwa naitika, kana kwamba ni Mwenda anabisha. Juzi nilikuwa na wageni waliokuja kuona kitabu, mvua ikaanza, nikasema kwa sauti, "Ingia, baba!" Wote wakageuka mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Labda ulijua, Kendi. Labda umeandika upepo kwa kunihurumia. Usinihurumie tena. Ukurasa wenyewe nimeuweka ndani ya bahasha hii. Barua nimeinakili, na Jumapili nitaisoma mwenyewe kanisani, kwa sababu uongo niliusema mbele ya watu hao hao. Wakinigeukia, wanigeukie.

Kitabu kikichapishwa tena, uuweke mahali pake. Usiongeze neno la kunitetea. Usipunguze. Kila kitu ulichoandika nimekitembeza kwa watu nikijisifu, na hiyo mistari mitatu, ambayo inashinda yote, sijawahi kumwonyesha mtu. Ulikuwa mtoto mdogo, na tayari ulikuwa unaandika vizuri hivyo. Nilitaka kukuambia siku ile ile.

Kaa salama huko uliko.

Mimi mama yenu, wewe na Mwenda.