Vumbi la Tabaka

Tabaka, 14 Machi 1952

Shemeji Nyamoita,

Salamu nyingi huko kwenu Magwagwa. Huku mahindi yameota, na jana nilipanda kilima bila kukohoa hata mara moja! Mimi, Machogu!

Tumepata daktari mpya. Wale wengine walinipa dawa bila hata kunitazama. Huyu alinikalisha, akafungua kiganja changu, akauliza, "Vumbi hili la nini?" Nikamwambia nachonga mawe. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, akaketi chini pamoja nasi, akaweka sikio mgongoni mwangu nikiwa nachonga. Kisha akamwagia jiwe maji. "Chonga likiwa limelowa. Vumbi ndilo linalokula kifua chako."

Nikamweleza jinsi kaka yangu, mume wako, aliyechonga pamoja nami, alivyokohoa mpaka akafa. Akasema, "Ni vumbi hilohilo."

Shemeji, hukumroga mtu! Nimewaambia wazee wote. Mama amelia.

Mimi ndiye niliyetupa vyungu vyako nje siku ile tulipokufukuza. Nimevikusanya. Kimoja kilikuwa kimevunjika, nimekuchongea kingine cha jiwe, nikililowesha.

Rudi nyumbani.

Shemeji yako,
Machogu