Paketi za Mudrick

Huku Delta, 9 Machi 2025

Dada Safina,

Assalaam aleikum. Unisamehe kukaa miezi minne bila kukuandikia. Tulikuwa dunguni, kwenye kibanda cha juu shambani, tunalinda mpunga, na huku mtandao haushiki. Barua hii anaondoka nayo Mshamu wa boti, akifika Kibiti aipige picha akurushie. Hujambo? Miguu imepungua kuuma?

Sisi wazima, ila mwanao Mudrick, huyu kitinda mimba wangu. Zahanati walimpima mkono kwa ule utepe wao, ukasoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Akaandikiwa paketi za karanga za lishe, mbili kwa siku, asile mwingine. Sasa dada, watoto wangu watatu wanakula sinia moja. Nimfiche Mudrick nyuma ya nyumba kama mwizi? Nikawa nazikamua katikati ya sinia. Nesi Zamda alipojua alinitazama sana.

"Shamsia, ile ni dawa. Sindano ungegawa?"

Nikaacha kugawa, mtoto akaanza kurudi mwili. Wiki iliyopita nimekwenda, kabati tupu. Nesi anasema paketi zilinunuliwa na shirika la watoto la kimataifa kwa michango ya serikali za nje, na nchi unayokaa wewe imepunguza mchango wake. Niulizie, zinarudi lini?

Mdogo wako,
Shamsia

Ughaibuni, 2 Aprili 2025

Mdogo wangu Shamsia,

Waaleikum salaam. Miguu ni ileile, nasimama zamu mbili kwenye nyumba ya wazee. Nimeulizia. Mwaka huu hazirudi, bajeti imeshapita.

Kuna jambo sitaki kukuficha. Mimi huku raia sasa, nilipiga kura. Waliosema pesa za huku zibaki hukuhuku, zisiende nje, niliwachagua. Kodi ya nyumba ilikuwa imenishinda, na hizo pesa za misaada nilidhani zinaishia kwenye magari ya wakubwa. Sikujua kama zinafika kwetu. Mudrick anaendeleaje?

Dada yako,
Safina

Huku Delta, 27 Aprili 2025

Dada,

Salaam nyingi, na pole na zamu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Sijakasirika, nimechoka tu. Hata mimi nilizigawa bila kujua, nitamsema nani? Lakini usitake nikwambie si kitu. Mudrick amevimba miguu, na utepe umerudi nyekundu. Nesi ameniandikia tukalazwe hospitali Kibiti. Baba yao yuko kambini kwa wakata mikoko, simpati.

Huko wakikuuliza tena maoni yako, waambie unamjua mtoto mmoja.

Nguo usitume, tunazo. Ninavyohitaji ni hivi, tuma pesa kwenye simu ya Mshamu, vya kununua nitanunua hukohuko Kibiti: maziwa ya unga makopo mawili, sukari kilo mbili, mafuta ya kula lita moja, hivyo vitatu vya kumkorogea Mudrick, chandarua, chakula changu cha siku kumi wodini, na nauli yetu ya boti na ya gari. Mshamu anarudi Jumatano, Alhamisi anaondoka tena. Usipoweza vyote, nauli kwanza.

Mdogo wako,
Shamsia