Sahihi ya Baba Mdogo

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko barabarani? Mgongo unaendeleaje na hilo lori? Sisi wazima, ila Chiriku, mtoto wa marehemu kaka yetu, koo linamsumbua tena.

Simu yako haipatikani wiki nzima, basi barua hii naiacha ofisini kwenu. Jana nilimpeleka hospitali akakatwe mafindofindo. Kashinda njaa, kavalishwa gauni la kijani, karani akauliza, "Mlezi nani?" Nikasema mimi shangazi yake, naishi naye mwaka wa nne huu. Akafungua hati ya mahakama: jina ni lako. Bila wewe hakatwi. Tukarudi nyumbani, kanuna njia nzima, na unajua yule kunyamaza ni ugonjwa mwingine.

Wametupa tarehe nyingine, 18 Mei. Twende mahakamani ulezi uhamie kwangu. Usikasirike.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo upo. Barua nimeikuta getini leo, nimetoka safari ya karibu mwezi mzima.

Nimekasirika. Kaka alipozidiwa aliniita mimi, akasema, "Mwanangu nakuachia." Vingine vyote alikupa wewe: nyumba, cherehani, hata redio. Mimi aliniachia huyo tu. Kila muhula unanitumia ripoti yake ya shule, naisaini juu ya usukani, naandika na neno langu. Leo sifai? Nimekosa nini? Nitatuma sahihi huko hospitali, yaishe.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi una hasira, maana yake mzima.

Nani kasema hufai? Hospitali hawataki sahihi ya kutumwa, wanataka mtu asimame pale. Na leo ni koo, kesho je? Kila mara nikutafute njiani kama mzigo uliopotea? Naogopa, mwenzio. Wiki iliyopita alishindwa hata kumeza maji.

Afisa wa ustawi wa jamii anasema ukiridhia kwa kiapo mbele ya wakili, hakimu hachelewi. Ukipinga, kesi itasikilizwa Agosti. Fomu hii hapa. Sikulazimishi. Nakulazimisha kidogo.

Dada yako

29 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hujajibu. Chiriku anauliza kama umetukasirikia, nimemwambia uko mbali. Zimebaki siku kumi na tisa.

Dada yako

4 Mei

Dada,

Shikamoo. Fomu imekaa kwenye dashibodi hadi imepauka kwa jua. Kila nikishika gia naiona. Juzi nikaegesha, nikaingia kwa wakili, nikala kiapo. Akaniuliza kwa nini nalia, nikasema vumbi. Ofisi yenyewe ina vigae, inang'aa.

Hiyo hapa. Mwambie sijamkasirikia.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Chiriku alikatwa mafindofindo tarehe ileile, 18 Mei. Koo limepona na kelele zimerudi, tunakoma.

Mahakamani tulikuwa tumeitwa mapema, 12 Mei. Hakimu alimweleza Chiriku kila kitu polepole, kisha akamuuliza kama anakubali niwe mlezi wake. Akasema anakubali, ila ana swali: "Ripoti yangu atasaini nani? Baba mdogo huwa ananiandikia. Na shangazi mwandiko wake mbaya." Yaani aliniumbua mbele ya watu! Hakimu akacheka, akasema hilo mkalimalize nyumbani.

Tumelimaliza. Ripoti hiyo hapo. Mahali pa sahihi pako wazi, kanikataza nisipaguse. Hisabati kaporomoka, mseme.

Dada yako

9 Julai

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, mimi na lori.

Ripoti nimeisoma mara tatu kabla ya kuwasha gari. Palipoandikwa "Mlezi" nimepapiga mstari, maana mlezi ni wewe, mahakama imesema. Pembeni nimeandika "Baba mdogo," nikasaini. Shule wakiuliza, waje waniulize mimi.

Hisabati nimemsema kwenye karatasi nyingine. Hiyo nimeikunja na kuibandika gundi. Usiifungue, ni yetu mimi na Chiriku.

Mdogo wako