Mti wa Kupimia Mwezi

Jumapili, 21 Aprili 2024
Maji ya ziwa yamefika kwenye jiwe la kufulia. Hatua kumi na nne hadi mlango wetu — nimezihesabu mara mbili. Hadjara, muuza mawese, ana nyumba ya kupangisha ya vyumba viwili kule juu, lakini Baba hataki kuhama. Wakati wa ukimbizi alikata mkonge Tanga miaka kumi na moja. Huko aliona bahari ikijaa sana mwezi ukijaa, ikitulia mwezi ukiwa nusu. "Hii iko bamvua tu," anasema. "Itarudi." Sasa ziwa letu limepachikwa tabia za bahari!

Jumatatu, 22 Aprili
Nimechomeka mti majini, sambamba na jiwe la kufulia, wenye alama kila upana wa kidole. Tumekubaliana na Baba. Mwezi utakuwa nusu Mei mosi. Maji yakishuka, tunabaki. Yasiposhuka, tunahama. Hadjara: "Mwalimu, kuna watu wengine wanaitaka ile nyumba. Nitakungojea mpaka tarehe moja, haipite."

Jumatano, 24 Aprili
Mwezi umejaa. Kidole kimoja juu. Baba amefurahi, kwake ni ushahidi. Na wavuvi wa ndagala, dagaa wetu, kule Magara wamepumzisha taa zao. "Kama mwezi inaamrisha ndagala, itashindwa maji?" anauliza. Nimemweleza kwamba huo ni mwanga tu: kukiwa na mbalamwezi, ndagala hawaifuati taa. Amenisikiliza kwa sikio moja.

Ijumaa, 26 Aprili
Darasani leo: mvuto. Mwezini, gunia la mihogo la kilo sitini ungeliinua kama la kilo kumi. Nyumbani nikamrudia Baba somo lile lile, naye akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawakuuliza: sasa kitu nyonge hivyo inavuta bahari namna gani?

Swali zuri! Nikamwambia bahari ni pana mno. Upande ulio karibu na mwezi unavutwa zaidi kuliko wa mbali, na tofauti hiyo ndiyo inayosogeza maji. Mwezi ukijaa, au ukiwa haujaonekana kabisa, jua na mwezi viko kwenye mstari mmoja, vinasaidiana. Ndiyo bamvua. Ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta kwake. Ziwa ni dogo, linavutwa karibu sawasawa kote. Mwezi hauliongezei hata nusu kidole. Haya ni maji ya mvua.

Baba akanyanyuka. Akaenda kuutazama mti.

Jumatatu, 29 Aprili
Vidole vinne juu. Mwezi unapungua, maji yanapanda. Baba hajagusa chakula. Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake tuliporudi.

Jumatano, 1 Mei
Sikukuu, hakuna shule. Asubuhi Baba ameniita: "Ernestina, kuja uone. Imeshuka." Kweli, mti unaonyesha vidole viwili chini ya jana.

Lakini jiwe la kufulia limezama kabisa. Na mti hauko sambamba nalo tena. Umesogea hatua nzima kuelekea nyumbani. Suruali ya Baba iko kwenye kamba, imelowa hadi magotini.

Nimekasirika. Halafu nimemhurumia. Anayeamini maji yameshuka hasogezi mti.

Mti nimeuacha pale pale. Baba amekaa mlangoni, mimi naandika. Simu inalia — Hadjara.

"Pokea," anasema Baba bila kugeuka. "Muulize kama kabati ya mama yako itapita mu mlango yake."